Picha Aliyoikataa Babake Shosho

Basi lilisimama pale juu ya Mai Mahiu, mahali ambapo mabasi yote husimama. Kama umewahi kwenda trip ya shule, ya chama au ya kanisa upande wa Naivasha, unapajua. Kuna vibanda vya ngozi za kondoo na kofia za manyoya. Kuna jukwaa la mbao ambalo mwenyewe anataka ununue kitu kwanza ndiyo ukanyage upige picha. Kuna mahindi choma. Halafu kuna shimo. Chini kabisa bonde limelala, Longonot upande wa kulia, Suswa kwa mbali upande wa kushoto, na barabara nyembamba kama uzi ikiteremka.

Akina mama wa kanisa la shosho walishuka wakiimba. Mimi nilikuwa nimeletwa kubeba mifuko na kupiga picha, kazi ya mjukuu asiye na mipango ya Jumamosi. Nilipogeuka kumpa shosho mkono ashuke, nikamkuta bado ameketi, mkoba mapajani, anaangalia kiti kilicho mbele yake.

"Shosho, si ushuke uone?"

"Nimeshaona."

"Umeona lini na hata dirisha hujageukia?"

"Mwaka wa hamsini na tatu," akasema. "Tulipanda hapa kwa lori."

Nje, wenzake walikuwa wanapangana kwa urefu wapigwe picha. Mtu akaniita nije na simu. Nikaenda, nikapiga picha kama arobaini hivi, lakini akili ilikuwa imebaki ndani ya basi. Nilikuwa nimepita hapa mara nyingi sana. Darasa la saba tulikuja na mwalimu wa GHC, akatuonyesha bonde kwa rula na kutuambia ardhi ilipasuka. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba familia yangu ilipita hapa ikifukuzwa.

Sasa tuanze na hilo jina lililo kwenye vibao. Bonde la Ufa ni jina la kitaalamu, na limetokana na Mwingereza mmoja, mwanajiolojia John Walter Gregory, aliyetembea huku mwaka wa 1893 hadi Baringo akipima miamba. Miaka kumi kabla yake walikuwa wamepita Mjerumani Gustav Fischer na Mskoti Joseph Thomson. Wote walipita kwenye nchi iliyokuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na majina tayari. Naivasha ni Enaiposha ya Wamaasai, maji yanayochafuka huku na huku. Longonot ni Oloonong'ot, mlima wa makorongo mengi. Nakuru ni mahali pa vumbi. Kijabe ni mahali pa upepo. Wageni walisikia nusu, wakaandika walichosikia, nasi mpaka leo tunasoma walichoandika.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Kutoka hapo wahandisi walipanda hadi ukingoni mwa bonde, wakaangalia chini kama tunavyoangalia sisi, tofauti ni kwamba wao walikuwa na mabehewa ya kuteremsha. Kabla madaraja hayajakamilika walitumia ujanja wa kamba: mabehewa yalifungwa kwa kebo za chuma na kushushwa mteremkoni polepole, kama ndoo kisimani. Desemba 1901 reli ikafika Ziwa Victoria, pale tunapoita Kisumu. Na hapa kuna jambo ambalo hunishangaza kila nikilikumbuka: hadi mwaka wa 1902, Naivasha ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mpaka ulisogezwa kwa karatasi London, watu wakalala Uganda na kuamka upande mwingine.

Reli ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni tano za Waingereza, na serikali yao ilitaka mzigo wa kusafirisha ili irudishe pesa. Jibu lake lilikuwa walowezi. Lakini ardhi nzuri kando ya reli, nyasi za kuzunguka maziwa yote haya, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Agosti 1904 mkataba ukatiwa sahihi, Wamaasai wakaondolewa katika maeneo ya Naivasha na Nakuru wakagawanywa mara mbili, wengine Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangali wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba mwingine, na Laikipia nayo ikachukuliwa; watu zaidi ya 10,000 wakasukumwa kusini na mifugo yao. Walienda kortini, na hilo watu husahau. Mwaka wa 1913 mahakama iliwajibu kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya nchi mbili huru, kwa hivyo korti haina uwezo wa kuisikiliza. Yaani walihesabiwa kuwa taifa huru siku ya kushtaki tu.

Mwaka wa 1908, katikati ya mikataba hiyo miwili, reli ilitoa bango la kuwaalika matajiri wa Uingereza waje kukaa nyanda za juu wakati wa baridi ya kwao, wawinde na kuangalia wanyama. Mwaka uliofuata akaja Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa rais wa Marekani, akasafiri kutoka Mombasa akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili aone vizuri. Huyo ni mmoja wa watalii maarufu wa mapema wa njia hii. Sisi hudhani utalii ulikuja baadaye, hoteli zilipojengwa. Ukweli ni kwamba mandhari haya yalianza kuuzwa mapema sana, na ili yaonekane matupu na mapya, ilibidi watu watolewe kwanza.

Dereva akapiga honi. Akina mama wakapanda, mmoja na ngozi ya kondoo begani, tukaanza kuteremka.

Barabara hii ya kuteremka ilijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Walikuwa wameshikwa mwaka wa 1941, jeshi la Italia liliposhindwa Ethiopia na Somalia, na kati ya wanajeshi waliowashinda walikuwa vijana Waafrika wa KAR. Waitaliano wakaletwa Kenya kwa maelfu, wakapewa sururu. Pale chini, kabla ya kufika mji wa Mai Mahiu, wakajenga kanisa dogo la mawe mwaka wa 1942, dogo kiasi kwamba watu wachache tu hujaa ndani. Ukipita haraka unaweza kudhani ni kibanda cha umeme. Akina mama walitaka kusimama waombe, na hapo shosho akashuka. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Hawa tuliambiwa walikuwa maadui," akasema. "Lakini walirudi kwao."

Njia hii imejaa wafungwa, ukianza kuhesabu. Mbele kidogo, Gilgil, Waingereza waliwazuilia Wayahudi waliokuwa wakipigana nao Palestina. Walihamishiwa hapo mwaka wa 1947. Machi 1948 baadhi yao walitoroka kupitia handaki na kukimbilia Kongo. Naivasha kuna gereza kubwa mpaka leo. Na miaka mitano baada ya lile handaki, Gilgil na Nakuru zilipata kambi nyingine. Hizi zilikuwa za watu wa kina shosho.

Alinieleza kipande kwa kipande, kati ya Mai Mahiu na Naivasha, huku wenzake wakiimba nyuma. Alizaliwa mwaka wa 1944 kwenye shamba la mzungu, si mbali na ziwa. Babake alikuwa skwota. Neno hili lilikuwa na maana ya kisheria. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota afanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na badala yake apewe mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo yake. Mwaka wa 1937 sheria ikakazwa: halmashauri za walowezi zikapata uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo. Babake shosho alikuwa mkamuaji. Alikuwa na mbuzi wengi, wakawa kumi, wakawa wanne. Shosho anawakumbuka wale wanne kwa rangi zao.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mapema mwaka wa 1953 serikali ikataka wafanyakazi Wakikuyu katika mashamba ya Bonde la Ufa wapigwe picha za vitambulisho vipya. Kipande walikuwa nacho tangu miaka ya 1920, kile cha kuvaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, chenye alama za vidole. Picha ilikuwa jambo jingine. Wengi walikataa. Walioikataa walifukuzwa, wengine wakaondoka wenyewe kabla ya kufukuzwa, na ilipofika mwisho wa msukosuko huo makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamerudishwa Mkoa wa Kati kwa malori na treni. Walirudishwa kwenye ardhi ambayo watoto wengi, kama shosho, hawakuwa wamewahi kuiona.

"Baba alisema, mkono nimewapa, shingo nimewapa, uso siwapi."

Hivyo ndivyo alivyonukuu. Nikaangalia simu yangu mkononi, ina nyuso arobaini za viewpoint ndani yake, nikaiweka mfukoni.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 mambo mawili yalitokea pande mbili za ukingo huu. Naivasha, kikosi cha Maumau kikiongozwa na Mbaria wa Kaniu kilivamia kituo cha polisi, kikachukua bunduki na kuwafungulia wafungwa zaidi ya mia moja. Juu huku Lari, usiku huohuo, nyumba za chifu wa zamani Luka Wakahangara na za watu walioonekana kuwa upande wa serikali zilichomwa. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisha vikosi vya serikali na askari wa nyumbani vikalipiza kisasi, na waliouawa katika kisasi hicho hawakuhesabiwa kwa uangalifu uleule. Mzizi wa Lari ulikuwa ardhi pia: miaka ya 1939 na 1940 serikali ilihamisha watu kutoka Tigoni ili ardhi yao ibaki kwa walowezi, Luka akakubali kuhamia Lari, na waliopoteza hawakumsamehe.

Wiki chache baada ya usiku huo, familia ya shosho ikawekwa kwenye lori. Mbuzi wanne walibaki. Alipanda ukingo huu akiwa na miaka tisa, akiangalia nyuma, kwa sababu lori lilikuwa wazi nyuma na hakuna pengine pa kuangalia. Hiyo ndiyo "view" yake. Aliiona bonde zima likishuka kidogo kidogo mpaka likafunikwa na ukungu.

Tukafika Naivasha saa sita. Naivasha ya leo unaijua: mashua, viboko, mbwembwe za wikendi, samaki wa kukaanga. Ziwa hili limewahi hata kuwa uwanja wa ndege. Kuanzia mwaka wa 1937 ndege za Imperial Airways zilizotua majini zilitua hapa zikielekea Afrika Kusini, abiria wakashukishwa kwa boti na kupelekwa Nairobi kwa barabara. Hapa ndipo pia Wasudani walikaa miezi mingi hotelini wakijadiliana, mpaka mkataba wao wa amani ukatiwa sahihi Nairobi Januari 2005.

Miaka mitatu tu baadaye, Januari 2008, mji huohuo ulichomeka. Katika mtaa wa Kabati nyumba ilitiwa moto na watu 19 wakafa ndani. Walioambiwa warudi kwao safari hii walikuwa Waluo na watu wa magharibi, na waliokuwa wanawaambia hivyo, tuseme tu ukweli, walikuwa watu wa kina sisi. Nilimuuliza shosho kuhusu hilo. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba aliona malori kwenye TV, watoto wakiangalia nyuma, akazima TV. Hakuongeza neno, na mimi sina la kuongeza. Najua tu kwamba historia ya kufukuzwa haikumfundisha mtu yeyote moja kwa moja kutofukuza.

Aliomba dereva apite barabara ya kuzunguka ziwa, upande wa kusini. Alikuwa anatafuta geti fulani na mti fulani. Kilomita nyingi tuliona vibanda vyeupe vya plastiki tu, safu kwa safu, mahali ambapo waridi hulimwa na kupelekwa uwanja wa ndege usiku ili zifike Uholanzi zikiwa bado hazijachanua. Wafanyakazi walikuwa wanatoka zamu, wengi wasichana wa umri wangu. "Siku 180," nikajiambia, halafu nikakumbuka kwamba hawa angalau wanaweza kuacha kazi. Mti haukuonekana. Mama mmoja akamwambia, "Labda ni ule, mama." Shosho akajibu, "Ndiyo, labda ni ule," kwa adabu tu.

Kutoka Naivasha kwenda Nakuru ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kama malori hayajaziba njia. Baada ya Gilgil, upande wa kushoto, linatokea Ziwa Elmenteita, na nyuma yake kilima kama mtu aliyelala chali. Wamaasai huona shujaa aliyelala. Walowezi waliona pua ya Lord Delamere, mwenye shamba. Kilima ni kimoja, pua ni ileile, tofauti ni nani aliyekuwa na kalamu. Mwaka wa 2011 ziwa hili, pamoja na Nakuru na Bogoria, lilitiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nakuru tuliyofundishwa shuleni ni ya heroe, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, ziwa zima likiwa na rangi ya ndimi. Akina mama walikuwa wamelipa kiingilio kwa ajili yao. Tulipata wachache sana, na miti mikavu imesimama ndani ya maji. Tangu takriban mwaka wa 2010 maziwa ya bonde yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru limetoka kilomita za mraba 40 na kidogo hadi zaidi ya 60, likameza geti kuu la zamani na barabara za ndani ya mbuga. Maji mengi yamepunguza magadi, magadi yakipungua mwani ambao heroe hula unapungua, nao huruka kwenda Bogoria. Naivasha nayo, mwaka wa 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto, watu wakatoa magodoro kwa mashua. Ziwa haliulizi nani ana hati ya shamba.

Tulirudi kwa njia ya juu, ya Kinungi. Soko Mjinga basi likasimama tena na hapo kila mtu alishuka, shosho wa kwanza. Alipiga bei viazi mpaka muuzaji akacheka akamwongezea kabichi. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka, baridi ile ya Kinale ya kuingia kwenye mifupa. Lari iko palepale karibu. Hakuna aliyeitaja.

Hiyo ilikuwa 2022. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mvua kubwa ilinyesha kwenye ukingo huo. Maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli, kalvati chini yake ikiwa imezibwa na takataka na magogo, yalivunja tuta na kuteremka Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa na wengine wengi hawakuonekana. Reli ileile iliyoleta watalii wa kwanza. Shosho aliona habari hiyo kwenye TV, na safari hii hakuizima. Alinipigia simu, akauliza kama lile kanisa la Waitaliano bado limesimama. Nikamwambia nitaangalia.

Kwa hivyo nilienda, na trip ya marafiki, muziki juu, basi la watu 33. Pale viewpoint wasee wote walishuka, nami nikashuka. Nilinunua mahindi. Nilisimama kwenye jukwaa, lakini sikutazama Longonot. Nilitafuta mahali ambapo barabara inapinda chini ya miamba kabla ya kupotea, mahali ambapo lori linalopanda lingeanza kuonekana. Ukisimama upande wa kushoto kabisa, karibu na mwisho wa vibanda, unapaona vizuri.